Jiwe Moja, Rangi Mbili: Vijana Wetu Waujue Mwanga Kabla ya Kwenda Mahenge



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mtauliza limeingiaje katika jarida la madrasa. Jambo lenyewe ni namna mwanga unavyopinda na kufifia ndani ya mawe ya vito. Tunaomba msikilize kwanza, kisha mtuhukumu.

Sisi wa Ifakara tuko njiani kuelekea Mahenge. Ukivuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, unaingia Wilaya ya Ulanga, na mbele yako ni milima yenye rubi na spineli. Mwaka 2007, katika kijiji cha Ipanko karibu na Mahenge, zilichimbwa fuwele kubwa mno za spineli, moja ikiwa na uzito unaozidi kilo 50. Habari hiyo ilifika hadi kwa wafanyabiashara wa vito wa Bangkok na Ulaya. Kwetu sisi iliacha jambo jingine: kijana wa bonde hili aliyechoka na shule alipata mahali pa kukimbilia. Hununua sururu na tochi, akaenda.

Hatusemi kuwa kuchimba ni vibaya. Ni kazi ya halali, na wapo waliojenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba kijana wetu anaweza kukaa shimoni miezi mingi, akapata jiwe jekundu, na bado asijue ameshika nini. Hutazama uso wa mnunuzi ili ajue thamani ya jiwe lake mwenyewe. Mnunuzi akikunja uso, kijana hushusha bei. Huo ndio ujinga tunaotaka kuupiga vita, na silaha yake imo katika somo la fizikia ambalo wengi hulikimbia wakiwa kidato cha pili.

MWANGA HUPINDA KWA SABABU HUPUNGUZA MWENDO

Kila mtoto wa Kilombero amewahi kuona pondo la mtumbwi likionekana kama limevunjika pale linapoingia majini. Pondo halikuvunjika. Mwanga unaotoka ndani ya maji ndio uliopinda ulipofika hewani.

Sababu yake ni mwendo. Katika anga tupu mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya maji hupungua hadi kama 225,000, na ndani ya spineli hadi kama 175,000. Sasa fikirini watu wawili waliobeba mwanzi mrefu, kila mmoja ameshika ncha yake, wakitembea sambamba kwenye barabara ngumu. Mbele yao kuna jaruba la mpunga, nao wanaliingia kwa mshazari. Anayetangulia kukanyaga tope hupunguza mwendo, mwenzake bado yuko pakavu na anakwenda kwa kasi ile ile. Mwanzi lazima ugeuke. Mwanga nao hugeuka hivyo hivyo unapoingia katika kitu kinachoupunguza mwendo.

Wenye kuyafanyia kazi haya mapema walikuwa wanazuoni wa Kiislamu. Ibn Sahl wa Baghdad, mnamo mwaka 984, aliandika juu ya lenzi na akaonyesha kwa hesabu ya jometri kanuni sahihi ya kupinda kwa mwanga, zaidi ya miaka 600 kabla ya Snell wa Uholanzi ambaye jina lake ndilo lililomo katika vitabu vya shule. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo, mwenye Kitab al-Manazir. Yeye hakuridhika na maneno ya waliotangulia mpaka ayapime kwa majaribio. Basi mwanafunzi wa madrasa asiione fizikia kuwa ni elimu ya ugenini. Ni shamba la babu zake lililoachwa likaota magugu.

MAWE YENYE MATUTA

Kioo cha dirisha hakina upande. Ukiupitisha mwanga kutoka kaskazini au mashariki, hali ni moja. Spineli nayo ni hivyo, kwa kuwa chembe zake zimepangika kwa ulinganifu pande zote.

Rubi siyo hivyo, wala tanzanaiti. Ndani ya mawe haya chembe zimepangika kama shamba la matuta. Mtu akipita kwa kufuata mfereji kati ya tuta na tuta huenda upesi, na akikata matuta kwa ubavu huchelewa. Shamba ni moja na miguu ni ile ile, ila upande umebadilika.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo hutikisika kwa ubavu wa njia yake, kama kamba iliyoshikwa ncha mbili na kutikiswa juu na chini, au kushoto na kulia. Katika jiwe lenye matuta, mwendo wa mwanga hutegemea umetikisika upande gani. Kwa hiyo mwanga wa kawaida, ambao ndani yake mna mitikisiko ya kila upande, ukiingia katika jiwe la namna hiyo hugawanyika kuwa miale miwili. Kila mmoja una mtikisiko wake na mwendo wake, na kwa hiyo kila mmoja hupinda kwa kiasi chake.

Mwaka 1669 Rasmus Bartholin wa Denmark aliweka fuwele nyeupe ya kalsaiti kutoka Iceland juu ya maandishi, akaona kila herufi imekuwa mbili. Mwaka 1690 Christiaan Huygens wa Uholanzi akachapisha maelezo yake: mawimbi mawili ndani ya jiwe moja. Katika rubi mgawanyiko huo ni mdogo sana, kwani kipimo cha kupinda kwa mwale mmoja ni kama 1.762 na cha mwingine ni kama 1.770. Jicho tupu haliwezi kuona herufi mbili kwa tofauti hiyo. Lakini rubi ina jambo jingine ambalo jicho huliona, nalo ni rangi.

JIWE LINALOMEZA MWANGA

Jiwe la rangi huwa na rangi kwa sababu linameza sehemu ya mwanga. Rubi ina kromiamu kidogo ndani yake. Kromiamu hiyo humeza mwanga wa kijani na wa zambarau, na kinachosalia kutufikia ni wekundu. Kumeza huku hufuata hesabu ya kuzidisha. Ikiwa milimita moja ya jiwe inapitisha nusu ya mwanga, milimita mbili zitapitisha robo, na milimita tatu thumuni. Ndiyo maana jiwe nene lenye rangi nzito huonekana jeusi likiwa mkononi, na kumbe ukilichonga likawa jembamba linawaka.

Katika jiwe safi kama kioo, namba moja inatosha kueleza jinsi mwanga unavyopinda. Katika jiwe linalomeza, namba moja haitoshi. Yatakiwa namba mbili: moja ya mwendo na moja ya kumeza. Tena mwanga ukiingia kwa mshazari ndani ya jiwe la namna hii, migongo ya mawimbi huelekea mshazari, lakini nguvu ya mwanga hupungua kwa kufuata kina kutoka usoni mwa jiwe. Mambo mawili ambayo katika kioo safi huonekana kama jambo moja, hapa huachana.

Sasa yaunganisheni mawili hayo: jiwe lenye matuta na jiwe linalomeza. Mnaojua mashamba ya miwa ya Kidatu mtafahamu upesi. Simama mwisho wa shamba utazame kwa kufuata mistari ya miwa: utaona mbali. Geuka utazame kwa kuikata mistari: majani yameziba. Ndivyo ilivyo katika jiwe, isipokuwa kwamba kwenye jiwe kinachohesabiwa ni upande wa mtikisiko wa mwanga, wala si njia unayopita tu. Mwale mmoja humezwa rangi hii, mwale wa pili humezwa rangi ile. Hutoka pamoja, macho yetu huwachanganya, nasi hudhani tumeona rangi moja.

Katika rubi, mwale mmoja una wekundu wa kuelekea zambarau, na mwingine una wekundu wa kuelekea chungwa. Katika tomalini nyingi zenye rangi nzito mwale mmoja humezwa karibu wote, ukabaki mmoja tu. Na tanzanaiti yetu, ambayo tangu ijulikane mwaka 1967 haijapatikana kwa biashara mahali pengine popote duniani ila Merelani, Wilaya ya Simanjiro, ina pande kuu tatu na rangi tatu: buluu, zambarau, na ya tatu iliyo kati ya kahawia na wekundu. Likipashwa moto wa nyuzi joto 500 na zaidi, ile ya kahawia huondoka, zikabaki buluu na zambarau. Takriban kila tanzanaiti ya buluu inayouzwa madukani imepita motoni.

Mwaka 2020 nchi nzima ilisikia habari za Saniniu Laizer, mchimbaji wa Merelani, aliyeiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Bei ile kila mtoto aliikariri. Tungefurahi kama watoto hao hao wangejua kwamba jiwe lile lina rangi tatu, na kwamba ukilitazama kutoka upande wowote ule huwezi kupata zaidi ya miale miwili kwa wakati mmoja. Mkataji ndiye huamua ni ipi itazame juu. Mara nyingi akitaka buluu safi hulazimika kupoteza uzito mwingi wa jiwe, na akikubali zambarau hubakiwa na jiwe kubwa zaidi. Asiyejua upande, hukata hasara.

YAKUTI NA LA'L

Neno yakuti limo katika Surat Rahman, na kila mwanafunzi wetu amelisoma. Lakini kwa karne nyingi watu waliita kila jiwe jekundu linalong'aa kuwa ni yakuti. Kati ya waliotenganisha mambo ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyeishi katika karne ya 11. Katika kitabu chake cha vito, Kitab al-Jamahir, alipambanua yakuti na la'l, yaani jiwe jekundu la Badakhshan ambalo leo tunaliita spineli. Alipima uzito wa mawe yenye ujazo sawa, akakuta la'l ni jepesi. Vipimo vya leo vinamuunga mkono: kwa ujazo sawa na maji, rubi ni nzito mara 4 na spineli ni mara 3.6.

Wafalme wa Uingereza hawakumsoma al-Biruni. Katika taji lao kuna jiwe kubwa jekundu liitwalo rubi ya Black Prince, ambalo kwa hakika ni spineli.

Huko Mahenge rubi na spineli hutoka katika milima hiyo hiyo, na wekundu wa yote mawili hutokana na kromiamu. Basi tofauti aliyoitafuta al-Biruni kwa mizani, mchimbaji wetu anaweza kuitafuta kwa mwanga. Rubi ina matuta, kwa hiyo ina rangi mbili. Spineli haina matuta, kwa hiyo rangi yake ni moja. Kipo kifaa kidogo kama kidole gumba kiitwacho dikroskopu, ambacho huiweka miale miwili bega kwa bega mbele ya jicho. Na asiye na kifaa hicho anaweza kufanya hivi:

1. Chukua kompyuta yenye kioo bapa, ufungue ukurasa mweupe mtupu. Mwanga wa vioo vingi vya aina hiyo hutikisika upande mmoja tu. Ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi, izungushe mbele ya kioo: kikifanya giza kisha kikang'aa tena, kioo kinafaa.

2. Shika jiwe kwa kibanio mbele ya weupe huo. Kama ni ghafi na lina ukungu, lilowanishe kwa maji upate kuona ndani.

3. Lizungushe polepole kama mshale wa saa, robo mzunguko. Rangi ikibadilika kutoka wekundu mmoja kwenda mwingine, jiwe lina matuta. Isipobadilika, ligeuze utazame kwa upande mwingine, na mwingine tena. Rubi ina upande mmoja ambao ukipitia huo haionyeshi tofauti yoyote, kwa hiyo usitoe hukumu kwa upande mmoja.

4. Usilitazame jua kupitia jiwe kamwe. Macho hayana duka la vipuri.

Ni wajibu wetu kusema pia mpaka wa jaribio hili. Kioo cha chupa, ganeti na spineli vyote havibadiliki rangi, kwa hiyo jaribio halivitenganishi. Na rubi za kutengenezwa kiwandani, ambazo zimekuwapo sokoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nazo zina rangi mbili kama za mlimani. Hapo kazi ni ya mtaalamu mwenye darubini. Lakini aliyejua swali moja sahihi la kuuliza si sawa na asiyejua hata moja.

MZANI NA UAMINIFU

Huenda mtu akasema: haya ni ya dunia, madrasa ifundishe dini. Tunamjibu kwamba biashara ni sehemu ya dini yetu. Mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta chini kuna unyevu ilhali juu ni pakavu, akamkemea mwenye mali kwa kuficha aibu ya bidhaa. Wafanyabiashara wetu wa mpunga wanakifahamu vizuri kisa hicho. Jiwe la kito nalo lina juu na chini. Anayemwonyesha mnunuzi upande mmoja wenye rangi nzuri na kunyamazia upande wa pili, au anayeuza jiwe lililopashwa moto kwa kuapa kuwa halijaguswa, hana tofauti na mwenye rundo lile. Na mafakihi wamekataza biashara ya gharar, ambayo bidhaa yake haijulikani ni nini. Tujiulize, pale muuzaji na mnunuzi wote wawili hawajui kama ni rubi, ganeti au kioo, mauziano hayo yana uwazi gani?

Dhuluma nayo haina upande mmoja. Kijana anayeambiwa na dalali kwamba jiwe lake "siyo rubi, ni spineli tu" huona aibu akaliacha kwa bei ya chumvi. Kumbe spineli nzuri ya Mahenge, hasa ile ya wekundu wa kuwaka, hutafutwa na matajiri wa nchi za mbali kwa jina lake yenyewe. Kutokujua jina la jiwe kumewanyima wengi haki yao bila hata ya mtu kuwaibia mfukoni.

MAONI YETU

Kwa wanafunzi: msiache fizikia kwa kuambiwa ni ngumu. Anayemaliza kidato cha nne akiwa ameielewa mada ya mwanga, kisha akaamua kwenda Mahenge, atakwenda na macho manne. Na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha kutambua na kukata vito. Kwa nini vijana wa Ulanga na Kilombero wasiwe miongoni mwa wanaojaza madarasa yake?

Kwa wazazi na walezi: mnaposikia mtoto anataka kwenda mashimoni kabla hajamaliza shule, msimkaripie tu. Mwambieni kwamba jiwe limekaa ardhini mamilioni ya miaka na litamsubiri miaka minne. Na jiwe likishapatikana, lipelekwe kwenye soko la madini, katika masoko yale yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, ambako hupimwa hadharani na kuandikwa, lisiuzwe gizani nyuma ya baiskeli ya mtu.

Kwa walimu wenzetu: jaribio tulilolieleza halihitaji maabara. Kompyuta moja ya ofisini, miwani moja na vipande viwili vya mawe vinatosha kwa kipindi cha jioni baada ya Alasiri. Mtoto atakayeona kwa macho yake wekundu mmoja ukigeuka kuwa mwekundu mwingine ataelewa upesi kwa nini Ibn al-Haytham alisisitiza kupima kabla ya kuamini.

Mwenyezi Mungu ametuwekea vito chini ya milima yetu na akatupa mwanga wa kuvitambua. Kuvichimba bila elimu ni kuwachimbia wengine. Tunamuomba atuzidishie elimu yenye manufaa, awalinde vijana wetu walioko mashimoni na kuwarejesha salama kwa wazazi wao, na atujaalie tuwe wakweli katika mizani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.